DAMU NI AKIBA IOZAYO

Maneno ya hotuba waliyosomewa walimu wakuu, machifu, waganga na madreva wa magari ya hospitali

Wahenga walinena ya kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vema, na kwa fedha zilizowekwa benki, na kwa mengi mengine. Lakini iko akiba moja ambayo neno hilo halina nguvu juu yake, nayo ni damu ya kutiwa wagonjwa hospitalini. Damu ni akiba iozayo. Haiwezi kutengenezwa kiwandani, wala kupandwa shambani, wala kuagizwa kwa meli ikakaa ghalani mwaka mzima. Hutoka katika mkono wa mtu mzima mwenye afya, na tangu dakika ile itokapo siku zake huanza kuhesabiwa.

Watu wengi, wanaposikia habari za damu, hufikiri juu ya sindano na daktari. Ni wachache wanaofikiri juu ya dreva, petroli, sanduku la barafu na barabara. Walakini yule mama anayevuja damu baada ya kujifungua aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Na hapo haimsaidii kitu kuambiwa ya kuwa damu ya aina yake iko kwa wingi katika mji ulio mbali naye kilomita 200. Kwake yeye damu ambayo haikufika ni sawasawa na damu ambayo haikutolewa. Kwa hiyo hotuba hii itaeleza jinsi damu inavyosafiri, jinsi safari hiyo inavyopaswa kupangwa, na wajibu wa kila mtu aliye njiani.

Tabia ya damu

Yafaa kwanza kujua tabia ya mzigo wenyewe, kwa maana mchukuzi asiyejua mzigo wake hawezi kuuchukua vema.

Mtoaji mmoja kwa kawaida hutoa mililita 450. Damu hiyo huingia katika mfuko wa plastiki wenye dawa ya kuizuia isigande. Ndani ya damu mna vitu vya namna mbalimbali, na kila kimoja kina desturi yake. Chembe nyekundu, ndizo zinazochukua hewa safi mwilini, hutaka baridi ya digrii 2 hata 6 za sentigredi, na kwa dawa itumiwayo sana hukaa siku 35. Chembe za kugandisha damu, ambazo huwafaa wagonjwa wanaovuja damu bila kukoma, hazitaki baridi hiyo kabisa. Hutaka digrii 20 hata 24, tena zitikiswe polepole usiku na mchana, na hukaa siku 5 tu. Maji ya damu, yaitwayo plazima, hugandishwa kwa baridi kali ipitayo ile ya barafu, na huweza kukaa mwaka au zaidi.

Basi katika mfuko mmoja mna mizigo mitatu, na mizigo hiyo haikubaliani juu ya joto wala juu ya siku. Joto likizidi, vijidudu vyaweza kuzaana ndani ya mfuko, na damu iliyokusudiwa kuponya ikageuka sumu. Baridi ikizidi hata damu ikaganda kama barafu, chembe nyekundu hupasuka, na mgonjwa akitiwa damu hiyo aweza kufa. Macho ya mtu hayawezi sikuzote kutambua mfuko ulioharibika. Kipimajoto ndicho shahidi, na shahidi huyo hana budi kuwapo safarini tangu mwanzo hata mwisho.

Safari za zamani

Kuchukua damu kutoka mahali hata mahali si jambo la kale sana. Aina za damu zilijulikana mwaka 1901 kwa kazi ya Karl Landsteiner wa mji wa Vienna. Lakini hata baada ya hapo mtoaji na mgonjwa walilazimika kulala karibu karibu, kwa sababu damu iliganda mara ilipotoka mwilini. Mwaka 1914 madaktari wa Ubelgiji na Argentina walionyesha ya kuwa dawa iitwayo sitrati yaweza kuzuia kuganda huko. Hapo ndipo damu ilipopata miguu.

Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya kwanza, daktari Mmarekani Oswald Robertson alikuwa akifanya kazi pamoja na jeshi la Waingereza huko Ufaransa. Yeye alikusanya damu kabla ya mapigano, akaitia katika chupa zenye dawa, akaziweka katika masanduku yenye barafu, na kuzipeleka hata penye hospitali za mbele. Mwishoni mwa mwaka 1936 daktari Norman Bethune wa Kanada alianzisha kazi ya namna hiyo Madrid, katika vita vya Hispania. Damu ilitolewa na watu wa mji na kupelekwa kwa motokaa yenye friji hata karibu na mahali pa vita. Mwaka 1937, huko Chicago, daktari Bernard Fantus alifungua ghala ya damu katika hospitali, akaipa jina la benki ya damu, nalo jina hilo ladumu hata leo.

Vita vya mwaka 1939 vilipokaribia, wakuu wa Uingereza walihofu ya kwamba London itapigwa mabomu. Kwa hiyo ghala nne za damu ziliwekwa nje ya jiji, katika miji ya Slough, Luton, Sutton na Maidstone. Yapasa kuangalia hekima ya mpango huo. Ghala hazikuwekwa katikati, mahali ambapo bomu moja lingeweza kuziharibu zote, wala hazikuwekwa mbali mno. Damu ilitiwa katika chupa zilizofanana na chupa za maziwa, na magari yaliyokuwa yakiuza aiskrimu yalitumiwa kuichukua. Hawakungoja vyombo vya fahari. Walitazama nini kilichopo nchini chenye kutunza baridi na kwenda upesi, wakakitumia.

Mpango wa Kenya

Nchini Kenya, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa, na maelfu waliumia. Siku ile wananchi walijitokeza kutoa damu, lakini msiba ulidhihirisha ya kuwa nchi haikuwa na mpango mmoja wa kukusanya damu, kuipima na kuigawanya. Hospitali nyingi zilitegemea jamaa za mgonjwa, waje watoe damu wakati mgonjwa yuko kitandani. Baada ya hayo idara ya taifa ya kazi hiyo iliundwa, na vituo vya majimbo vikawekwa Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu, Eldoret na Embu.

Ukiitazama ramani utaona maana ya kazi ya uchukuzi. Garissa iko mbali na Nairobi kwa kiasi cha kilomita 370. Kutoka Eldoret hata Lodwar ni mwendo wa siku nzima kwa motokaa, kupita milima na nyika. Lamu iko kisiwani, na mashua ndiyo motokaa ya mwisho. Ikiwa damu hutolewa penye watu wengi, na wagonjwa wako kila mahali, basi barabara ndiyo mshipa uunganishao hao wawili.

Tena fedha za kazi hiyo kwa muda wa miaka mingi zilitoka sana katika msaada wa Marekani. Msaada huo ulipokoma mwaka 2019, upungufu ulionekana upesi. Watu wenye moyo wa kutoa hawakupungua kwa siku moja. Kilichopungua kwanza ni petroli, mifuko, na dawa za kupimia. Hilo ni fundisho kubwa. Ukarimu wa mtoaji ni bure, lakini safari ya ukarimu huo ina gharama.

Siku moja ya kukusanya damu

Na ichukuliwe sasa mfano mmoja kwa ajili ya kufundishia. Kituo cha Mombasa chataka kukusanya damu katika shule ya sekondari karibu na Voi, mwendo wa kiasi cha kilomita 150, katika barabara kuu ipitayo malori mengi yatokayo bandarini.

Mpangaji mzuri haanzi kwa kuuliza motokaa itaondoka saa ngapi. Huanza mwisho, akarudi nyuma. Huuliza: Damu hii ni ya kufanyiwa nini? Yatakiwa ifike kituoni saa ngapi? Kisha ndipo ahesabu.

Tuseme kuna vitanda 6. Kutoka damu kwenyewe huchukua kiasi cha dakika 10, lakini ukiongeza kulala, kusafishwa mkono, kufungwa bandeji na kupumzika kidogo, kila kitanda chaweza kuhudumia watu 3 kwa saa. Basi vitanda 6 vitahudumia watu 18 kwa saa, na kwa muda wa saa 5 watu 90. Lakini si kila ajaye hukubaliwa. Sharti mtoaji awe na umri wa miaka 16 hata 65, uzito wake usipungue kilo 50, damu yake isiwe nyepesi, na asiwe na ugonjwa. Ikiwa katika kila watu 10 wawili hurudishwa, basi ili kupata 90 yapasa waje watu 113. Mwalimu mkuu aambiwe hesabu hiyo mapema, asije akaandaa watu 50, vitanda vikakaa vitupu. Wala asilete 300, vijana wakasimama juani hata wakazimia kabla ya kuguswa na sindano.

Mfuko uliojaa una uzito wa kiasi cha gramu 600. Mifuko 90 ni kilo 54. Ikiwa sanduku moja huchukua mifuko 20, yatakiwa masanduku 5, na la sita liwe la akiba. Ongeza barafu, vitanda, meza, mizani, vipimo, vyakula vya watoaji, na watu wa kazi wenyewe. Hapo yaonekana wazi ya kuwa motokaa moja ndogo haitoshi. Wako waliokwenda na motokaa isiyotosha, wakapakia mizigo asubuhi kwa taabu, na jioni wakakosa mahali pa kuweka masanduku ya damu isipokuwa juu ya miguu ya waganga.

Sasa saa. Motokaa iondoke Mombasa saa 11 alfajiri, kabla ya malori kujaa barabarani. Ifike saa 2, watu wafungue mizigo, na mtoaji wa kwanza alale saa 3 kamili. Kazi iishe saa 8 mchana. Motokaa iondoke saa 9, na kufika Mombasa saa 12 jioni. Mpango huo waonekana kuwa mzuri. Lakini na utazamwe tena kwa makini.

Ikiwa kituo chataka kupata chembe za kugandisha damu, taratibu nyingi zasema ya kwamba mfuko hauna budi kuanza kutengwa kabla ya saa 8 kupita tangu ulipojazwa, tena usiwe umetiwa baridi kali njiani. Mfuko uliojazwa saa 3 asubuhi utafika saa 12 jioni, umeshapita saa 9. Umechelewa. Mfuko wa saa 5 asubuhi utafika na saa 7, bado wafaa ukishughulikiwa mara moja. Kwa hiyo mkuu wa safari hana budi kuamua asubuhi, si jioni: mifuko ya saa mbili za kwanza itiwe katika masanduku ya baridi, iwe ya chembe nyekundu, ile ya baadaye itiwe katika masanduku ya joto la digrii 20 hata 24. Masanduku ya namna mbili, yenye alama mbili, yasichanganywe. Na kama malori yamefunga njia huko Mariakani kwa muda wa saa mbili, mifuko iliyojazwa kabla ya saa 6 mchana yote imepoteza nafasi ile. Kwa hiyo kituo kizuri hutuma motokaa ndogo ya pili ili ichukue mifuko ya kwanza saa 6 mchana, ikiwa hospitali zina haja kubwa ya chembe hizo. Ikiwa hazina haja, petroli hiyo isitumiwe bure.

Hivyo ndivyo mpango unavyofanywa. Si maneno makubwa. Ni kujumlisha na kutoa, kazi ambayo mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya. Tofauti ni kwamba jibu likikosewa hapa, mtu aweza kufa.

Barafu, namba na dreva

Mambo matatu madogo huharibu safari nyingi.

La kwanza ni barafu. Watu hudhani ya kuwa barafu nyingi ni bora. Sivyo. Pakiti ya barafu itolewayo sasa hivi katika friji kali yaweza kugandisha damu iigusayo. Sharti pakiti ziachwe nje kidogo mpaka zianze kutoa jasho, na ukizitikisa usikie maji ndani. Kisha pawekwe kizuizi baina ya pakiti na mifuko. Tena damu itokapo mwilini ina joto la mwili. Sanduku lililojazwa mifuko yenye joto kwa mara moja laweza kushindwa kuipoza yote. Kwa hiyo mifuko igawanywe.

La pili ni namba. Kila mfuko una namba, na namba hiyo hiyo hubandikwa katika vichupa vya kupimia na katika karatasi ya mtoaji. Vichupa vikibandikwa namba ya mtu mwingine, damu yenye ugonjwa yaweza kuitwa safi, na iliyo safi ikatupwa. Kazi ya kubandika namba na ifanywe kando ya kitanda cha mtoaji, mtu mmoja kwa wakati mmoja, wala isiachwe mpaka jioni wakati watu wamechoka na dreva ameanza kupiga honi.

La tatu ni dreva mwenyewe. Aghalabu dreva haitwi katika mkutano wa kupanga safari, huambiwa tu, "Kesho twaenda Voi." Hilo ni kosa. Dreva ndiye ajuaye daraja lipi hufurika wakati wa masika, mahali gani petroli hupatikana usiku, na mlima upi humfanya apunguze mwendo. Akiulizwa, mpango utakuwa na macho. Naye kwa upande wake hana ruhusa ya kusimama njiani kununua mkaa au nyanya, au kupakia abiria, au kuacha masanduku juani huku akila chakula. Abebaye damu ajihesabu kuwa abeba watu 90 wasioweza kusema.

Majira ya mwaka

Katika Kenya wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya watoaji wa damu. Ni jambo la kushukuriwa, lakini lina hatari yake. Shule zifungwapo, Aprili, Agosti na Desemba, akiba hupungua. Na wagonjwa hawana likizo. Mvua za masika zipitapo, mbu huongezeka, malaria huongezeka, na watoto wadogo wenye malaria kali hupungukiwa na damu hata midomo ikawa myeupe. Desemba ni mwezi wa safari nyingi, na ajali za barabarani huwa nyingi.

Kwa hiyo mpangaji asiyetazama kalenda ni kama mkulima asiyetazama mawingu. Kabla ya shule kufungwa na aandae makanisa, misikiti, viwanda, mashamba makubwa ya chai, soko, na ofisi. Katika mwezi wa Ramadhani, pwani na kaskazini mashariki, haifai kumtaka mtu atoe damu mchana hali amefunga. Kazi na ifanywe usiku, baada ya kufuturu, na gari liwe na taa. Siku ya soko ni nzuri kwa kukuta watu, lakini ni mbaya kwa mwenye kuuza, ambaye hawezi kuacha bidhaa zake. Tena mwanamume hutoa damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4; basi mahali palipotembelewa paandikwe katika daftari, parudiwe wakati ufaao. Mtoaji aliyekwisha kuitwa mara mbili na kutunzwa vema ni bora kuliko watu kumi wasiojulikana, kwa maana huyu hujua desturi, na afya yake imekwisha kupimwa.

Kutoka kituoni hata kitandani

Damu ifikapo kituoni safari haijaisha. Hupimwa aina yake, na kupimwa magonjwa manne: Ukimwi, magonjwa ya ini ya namna B na C, na kaswende. Mpaka majibu yatoke, mfuko hukaa mahali pa kungojea, wala hapana mtu awezaye kuutoa, hata kama ni wa ndugu yake. Siku hizo za kungoja ni lazima zihesabiwe katika mpango, kwa sababu damu iliyotolewa Jumatatu haiwezi kuahidiwa hospitali Jumatatu jioni.

Kisha huja kazi ya kugawanya. Karibu nusu ya watu wa Kenya wana damu ya aina ya O, lakini wenye O ya namna hasi ni wachache mno. Nayo ndiyo itiwayo mgonjwa wa hatari ambaye aina yake haijajulikana bado. Ghala isiyoweka kidogo ya namna hiyo katika hospitali za mbali imeacha mlango wazi. Na mfuko utakaoisha mapema ndio utoke kwanza, sio ule uliowekwa mbele ya mkono. Hospitali ndogo iliyo na mifuko isiyotumiwa, ambayo imebakiza siku 10, yafaa ipige simu, mifuko irudishwe na kupelekwa hospitali kubwa itakayoitumia kesho yake. Kuona haya kurudisha ni kuitupa.

Hata hatua za mwisho zina sheria. Mfuko ukitolewa katika friji ya hospitali ukakaa nje zaidi ya dakika 30 bila kutumiwa, haurudishwi katika akiba. Kwa hiyo muuguzi asiuchukue mpaka mgonjwa yuko tayari. Si ajabu mfuko uliosafiri kilomita 300 salama ukapotea katika mita 50 za baraza ya hospitali.

Mfano wa Rwanda

Nchi ya Rwanda, iliyo ya milima mingi, ilianza mnamo Oktoba 2016 kupeleka damu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zilizoletwa na kampuni ya Zipline. Kituo cha kwanza kiliwekwa Muhanga. Cha pili, Kayonza, kikafuata mwaka 2018. Hospitali hupeleka habari, mfuko hufungwa katika sanduku, ndege hurushwa, na ikifika juu ya hospitali huangusha sanduku kwa mwavuli, kisha hurudi ilikotoka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa ndege hizo zilifika mapema kuliko motokaa, kwa wastani wa dakika 79 ukilinganisha na mwendo uliokadiriwa wa barabara; tena damu iliyoharibika kwa kupita siku zake katika hospitali ilipungua kwa asilimia 67.

Hesabu hiyo ya pili yataka kufikiriwa. Damu kuharibika kulipunguaje kwa sababu ya ndege? Ni kwa sababu hospitali zilipojua ya kwamba damu yaweza kufika upesi, ziliacha kuweka akiba kubwa ya kuhofia. Damu ilikaa pamoja mahali pamoja, ikaenda palipo na haja. Walakini ndege haitoi damu, haipimi damu, wala haiamui nani apewe. Bila watoaji, na bila ghala yenye utaratibu, ndege ni mdudu anayeruka mtupu. Na mahali pasipo na ndege, pikipiki yenye sanduku zuri na dreva mwaminifu, iliyopangiwa saa zake, yaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Siku ya msiba

Tarehe 21 Septemba 2013, wakati wa mashambulio ya Westgate mjini Nairobi, watu walipanga foleni ndefu ili watoe damu. Ni heshima kubwa kwa taifa. Lakini neno moja halina budi kusemwa waziwazi. Damu inayomwokoa mtu siku ya msiba ni ile iliyotolewa juma lililopita, kwa sababu ile ya leo bado haijapimwa. Nchini Marekani, baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, watu walitoa damu kwa mamia ya maelfu ya mifuko, lakini iliyotumiwa kwa majeruhi haikufika mifuko 300. Nyingi ilipita siku zake ikatupwa. Na watu wale waliotoa wote kwa juma moja hawakuweza kutoa tena mpaka muda wao ufike.

Mkuu wa kazi siku kama hiyo atende kwa busara: achukue kiasi kinachoweza kupimwa na kuhifadhiwa, awaandike wengine majina yao na namba za simu, na kuwaita kidogo kidogo katika majuma yafuatayo. Kumwambia mtu "Njoo baada ya majuma mawili" si kumdharau. Ni kuitunza zawadi yake.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa kumaliza, hapa pana mambo ya kutendwa na kila aliye njiani mwa damu.

Kwanza, mwalimu mkuu au chifu atoe chumba chenye kivuli na hewa, maji, vyoo, na mahali pa motokaa kugeuka. Asiweke siku ya mtihani. Wala asimlazimishe mtu, kwa maana anayelazimishwa huficha ugonjwa wake.

Pili, mkuu wa safari aandike mpango katika karatasi moja: saa, watu, masanduku, njia ya kwenda, njia ya pili ikiwa ya kwanza imefungwa, na namba za simu. Kila mmoja awe na nakala, na dreva wa kwanza.

Tatu, hospitali ipeleke hesabu ya kweli ya haja yake kila juma. Isiombe mifuko 40 ili ipate 20. Uongo huo mdogo, ukifanywa na hospitali kumi, huua mgonjwa wa hospitali ya kumi na moja.

Nne, wenye kugawanya fedha za serikali za kaunti na za taifa waihesabu petroli, matairi na friji kuwa dawa, kama vile kwinini ilivyokuwa dawa.

Tano, mtoaji ale chakula, anywe maji, aseme kweli penye maulizo, na arudi wakati wake.

Mtu atoapo damu hamjui atakayeipata. Huenda ikawa ni mtoto wa Turkana, au mvuvi wa Lamu, au mgeni aliyepata ajali katika barabara ya Naivasha. Hatashukuriwa na mtu huyo, wala hatamwona. Amewaamini watu wa katikati, wale wenye masanduku na kalamu na usukani. Mfuko ukiharibika kwa sababu ya uvivu wao, wamewaibia wawili kwa siku moja: aliyetoa na aliyengoja. Bali mfuko ukifika, wakati wake, na baridi yake, na namba yake, hao wa katikati wamefanya kazi njema, hata kama hapana atakayeyajua majina yao.